Tutajifungulia wapi? Mazungumzo na familia zinazotarajia mtoto, Lindi mjini

Asalam aleikum, na shikamooni wazee wangu. Akina baba nawashukuru kwa kuja, maana habari ya pesa nitakayoisema leo inawahusu nyinyi kwanza.

Mimi ni muuguzi mkunga. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Nesi, hospitali hatuiwezi, tufanyeje?" Hospitali inayosemwa ni Sokoine hapa mjini, au Ligula kule Mtwara, au Nyangao na Ndanda kwa wamisheni. Kwa sera ya nchi yetu, kujifungua kwenye kituo cha serikali ni bure. Lakini nani atalipa nauli? Nani atamlisha shangazi anayemsindikiza mgonjwa? Na siku glovu zimekwisha stoo, mnaambiwa mkanunue. Hofu yenu ni ya kweli, na sitasimama hapa niwaambie mnaogopa bure.

Ninachowaambia ni kwamba wengi wenu hamhitaji hospitali kubwa. Mnahitaji mkunga aliyesomea, dawa ya kuzuia damu, na njia ya kuondoka haraka mambo yakibadilika. Zahanati yenye mkunga inatosha kwa mama asiye na tatizo. Kituo cha afya kinatosha zaidi, kwa sababu vingi tangu mwaka 2017 vimejengewa chumba cha upasuaji. Nyumbani hamna hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na hapo ndipo ninapokataa.

Nieleze kidogo habari ya damu, kwa kuwa ndiyo inayoua mama zetu kuliko kitu kingine. Mtoto akishatoka, mji wa mimba unatakiwa ujikaze ili mishipa ijifunge pale kondo lilipobanduka. Usipojikaza, mama mwenye afya yake anaweza kufa kwa saa mbili, mbele ya watu wanaompenda, na wasijue la kufanya. Sisi humchoma sindano ya oksitosini, uniti 10, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa. Dawa hii inataka kukaa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8. Bibi yetu mkunga wa kijijini, hata awe na mikono mizuri namna gani, hawezi kuibeba kwenye mkoba na jua hili letu. Na mtoto asiyelia hapewi maji ya baridi wala hapigwi makofi. Anakaushwa, na asipopumua anapuliziwa hewa kwa mfuko na kinyago, nayo dakika ya kwanza haisubiri mtu.

Kijana yule pale ameuliza mbona Uingereza watu wanazalia nyumbani. Ni kweli, na Uholanzi pia. Lakini kule mkunga aliyesajiliwa ndiye anayekwenda nyumbani, na dawa zake, na gari la wagonjwa likiitwa linafika. Uchunguzi mkubwa uliotolewa Uingereza mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa mama aliyekwisha kuzaa na asiye na tatizo, mtoto hakupata hatari zaidi nyumbani. Kwa uzazi wa kwanza hatari kwa mtoto iliongezeka, na katika kila wanawake 100 wa uzazi wa kwanza walioanzia nyumbani, kama 45 ilibidi wahamishwe. Mwanangu, hao 45 uwaweke kijijini mwenu mwezi wa tatu, mvua imekata barabara, halafu unijibu.

Sasa wapo ambao zahanati haiwatoshi, na kadi ya kliniki inawataja: aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mtoto aliyetanguliza matako, presha, kisukari, aliyetokwa na damu nyingi uzazi uliopita, mimba ya tano na kuendelea, binti mdogo, na mama mfupi chini ya sentimita 150. Kwa hawa ipo njia ambayo watu hawaitumii vya kutosha, nayo ni chigonela. Ni nyumba ya kusubiria uchungu karibu na hospitali. Mama anakwenda wiki mbili au tatu kabla ya tarehe yake, anajipikia, anapimwa, uchungu ukianza anatembea kwa miguu hadi wodini. Ulizeni kliniki, chigonela iliyo karibu nanyi ni ipi. Gharama yake kubwa ni unga, maharage na mtu wa kubaki na watoto nyumbani. Akina baba, hiyo ya watoto ni yenu.

Pesa. Sisi watu wa korosho tunazishika kuanzia Oktoba, minada ikifunguliwa. Mimba haifuati mnada. Ukiona tarehe ya mkeo inaangukia Machi au Aprili, toa fungu lake siku ile ile malipo yanapoingia, kabla ya sherehe za unyago na bati jipya. Nunueni kidogo kidogo: kanga safi, mpira wa kulalia, glovu, pamba. Wenye vikoba wekeni akiba kwa jina la mtoto.

Na dharura ikitokea, pigeni 115. Ni bure. Mfumo huu wa m-mama ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022: gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa jamii aliye karibu anatumwa, na nauli yake mlipaji si nyinyi. Unamhudumia mjamzito, mama aliyejifungua hadi siku 42, na mtoto mchanga hadi siku 28. Damu, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, mtoto kuacha kucheza: msimsubiri mjomba arudi kutoka shamba atoe ruhusa.

Bibi zetu wakunga, nimewaona mmekaa nyuma, sogeeni mbele. Mabinti wanawasikiliza nyinyi kabla yangu. Naomba mje nao, mkae nao, muwakande mgongo, muwape uji. Nchi hii vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na mwaka 2022 vikawa 104. Hao 104 bado ni wengi mno, na kule vijijini ni nyinyi mnaojua nani anajificha na mimba yake bila kadi.

Wenye kadi njooni mezani tuzisome pamoja, kila mmoja aondoke anajua zahanati yake au chigonela yake.