Wastani Mzuri Unaweza Kukufungia Biashara

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za jioni.

Tuchukue mwenye mashine ya kusaga nafaka mjini Morogoro. Biashara imemkubali, benki iko tayari kumkopesha milioni 40, naye ana njia mbili za kujipanua. Afunge mashine ya pili mtaa mwingine, au anunue mahindi wakati wa mavuno, ayaweke ghalani na kuyauza bei ikipanda. Takwimu nitakazotumia ni za mfano, lakini ninyi mtazipata kwenye madaftari yenu ya mauzo.

Mashine ya pili: mwaka mbaya inaleta faida ya milioni 6, mwaka wa kawaida 10, mwaka mzuri 14. Mbaya tuupe mara 2 kati ya 10, wa kawaida 6, mzuri 2. Zidisha kila faida kwa uwezekano wake, kisha jumlisha: 1.2 na 6 na 2.8 ni milioni 10. Hiyo ndiyo thamani tarajiwa.

Mahindi: mara 3 kati ya 10 unapoteza milioni 12, mara 4 unapata 14, mara 3 unapata 40. Thamani tarajiwa ni milioni 14. Wengi wakifika hapa hufunga daftari na kukimbilia mahindi. Naomba msifunge.

Hesabu hii ilianza mwaka 1654, wanahisabati wa Ufaransa Blaise Pascal na Pierre de Fermat walipoandikiana barua kuhusu kugawana dau la mchezo uliokatishwa. Mcheza kamari hurudi mezani mara nyingi, kwa hiyo wastani unamhusu. Wewe unaweka dhamana ya nyumba mara moja. Mwaka mmoja ukikuangusha, huo wastani hutaufikia kamwe.

Ndiyo maana tunahitaji mchepuko sanifu, kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika mbali na wastani. Chukua umbali wa kila tokeo kutoka kwenye thamani tarajiwa, uzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa uwezekano, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa mashine inatoka kama milioni 2.5. Kwa mahindi ni milioni 20! Ukigawanya kwa thamani tarajiwa, kila shilingi unayoitarajia kwenye mashine inayumba kwa senti 25; ya mahindi inayumba kwa zaidi ya shilingi 1 na senti 40.

Na huku kuyumba si nadharia. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, aliyejaza ghala akitegemea soko la ng'ambo ya mpaka alibaki na magunia, na dumuzi hawasubiri bei ipande.

Sasa tuweke marejesho ya mkopo, tuseme milioni 5 kwa mwaka. Mashine, hata mwaka mbaya, inayalipa na kubakiza 1. Mahindi mwaka mbaya yanakutaka utoe milioni 17 mfukoni. Mimi hapo ningechagua mashine, bila kusita.

Lakini mashine haigawanyiki, mahindi yanagawanyika. Mchumi wa Marekani, Harry Markowitz, alionyesha mwaka 1952 kwamba hatari ya mali zikichanganywa si jumla tu ya hatari zake. Funga mashine kwa mkopo, kisha weka milioni 10 za akiba yako kwenye mahindi, yaani robo ya ule mpango. Thamani tarajiwa inakuwa milioni 13.5, na kama biashara hizo mbili haziyumbi pamoja, mchepuko ni kama 5.6. Pengine hata chini ya hapo, maana bei ya mahindi ikishuka ghala linaumia, lakini watu wanaweza kununua zaidi na kuleta kusaga. Mbaya zikikutana zote mbili, mara 6 kati ya 100, bado una faida ya milioni 3; kwenye marejesho zinapungua 2, na hizo mashine yako ya kwanza inaweza kuzibeba.

Toeni kalamu, sasa tufanye hesabu kwa takwimu zenu.