Mzigo wa mali kauli na fundi viatu wa Whitechapel

Shikamooni wazee. Wengine, hamjambo.

Wengi wenu hapa Moshi ni watu wa ngozi na viatu, basi habari ya kufilisika naianza kwa fundi viatu. Aron Salomon alitengeneza mabuti Whitechapel, London, na biashara ilikuwa inamlipa. Mwaka 1892 akaigeuza kampuni. Sheria ilitaka wanahisa 7, kwa hiyo mke, binti na wavulana wanne wakapata hisa moja moja. Yeye akachukua 20,001. Sehemu ya bei ya karakana akalipwa kwa hati za mkopo za pauni 10,000, dhamana yake mali yote ya kampuni. Yaani mwenye duka akawa pia mdai wa duka lake. Mnacheka, subirini.

Migomo ikaingia, serikali ikaanza kugawa zabuni za mabuti kwa wengi. Salomon akaziweka hati zake rehani kwa mkopeshaji mmoja, Broderip, akapata pauni 5,000 za kuiokoa kampuni. Haikuokoka. Mwaka 1893 ikafilisika. Baada ya Broderip kulipwa, zilibaki pauni kama 1,055, na Salomon akazidai kwa hati zilezile. Wadai wasio na dhamana, wenye zaidi ya pauni 7,000, mikono mitupu.

Mahakama Kuu, Jaji Vaughan Williams alisema kampuni ilikuwa wakala tu wa Salomon, kwa hiyo alipe mwenyewe. Mahakama ya Rufani ikamkandamiza zaidi. Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, Novemba 1896, likapindua yote: mbele ya sheria kampuni ni mtu mwingine kabisa, si Salomon. Salomon mwenyewe alifika huko akiwa fukara, kesi yake ikisikilizwa kama ya maskini. Mimi namwelewa Vaughan Williams. Alikosea sheria, lakini aliwaona waliodhulumika.

Hata Lodi Macnaghten, aliyempa Salomon ushindi, aliita ni kashfa kubwa wenye dhamana kuja kufagia kila kitu. Maana dhamana ile huelea: hukamata hata mzigo ulioshushwa jana kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baadaye. Hapa kwetu dhamana za kampuni husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni; nenda kapekue kabla hujashusha.

Mama pale nyuma anauliza: na kama mzigo bado uko stoo, haujafunguliwa? Kama mliandikiana kwamba ni wako mpaka ulipwe, una hoja kwa mfilisi. Kama mlikubaliana mkopo kwa mdomo tu, mama, mzigo ule ni wa kampuni, na benki yenye dhamana imeshaushika.