Jina Lililotoka Majini: Bandari za Ufilipino

ZUHURA: Haya, tuko hewani. Mimi Zuhura, na mwenzangu Bakari ametandaza ramani meza nzima, hata kikombe cha chai sina pa kukiweka.

BAKARI: Kishike mkononi, dada. Leo tuko Ufilipino, nchi ya visiwa zaidi ya 7,000. Bila ramani tutapotea wote wawili.

ZUHURA: Nimejisomea kidogo, na kuna kisa kimoja ninachokutana nacho kila mji. Mhispania anashuka pwani, anamkuta mwenyeji na shughuli zake. Anamuuliza kwa Kihispania, "Hapa panaitwaje?" Mwenyeji hajaelewa, anadhani anaulizwa jina la kitu alichoshika. Anajibu, Mhispania anaandika, mji umepata jina.

BAKARI: Kisa hicho kinabadilisha kitu tu. Huku ni mmea, kule ni gogo, kwingine samaki. Sikipendi. Kinamfanya mwenyeji aonekane hakuwa na jina la kwake mpaka mgeni akosee kusikia! Manila, kwa mfano, kamanda wa Kihispania Legazpi aliitangaza kuwa mji wa Kihispania tarehe 24 Juni 1571. Lakini kwenye mdomo wa mto Pasig tayari kulikuwa na mji wenye boma la magogo na mizinga, chini ya Raja Sulayman, na ulikuwa ukiitwa Maynila.

ZUHURA: Sulayman, yaani Suleimani huyu tunayemjua?

BAKARI: Kwa jina ndiye. Uislamu ulishafika pale, na watawala wa Maynila walikuwa na udugu na Brunei.

ZUHURA: Na hilo jina? Mimi nimekuta habari ya nilad, mti wa jamii ya mikoko wenye maua madogo meupe.

BAKARI: Ndiyo maelezo yanayofahamika zaidi. "May" kwa Kitagalogi, lugha ya wenyeji wa Manila, ni "kuna", basi Maynilad, mahali penye nilad. Ila baadhi ya wanahistoria wa huko wanauliza: hiyo d ya mwisho imekwenda wapi? Maandishi ya kale yana Maynila, na Mtagalogi hana desturi ya kuimeza d mwishoni mwa neno. Wao wanasema ni nila, mmea unaotoa rangi ya buluu.

ZUHURA: Nili hiyo!

BAKARI: Nili hiyohiyo. Neno limetoka Bara Hindi, likaenda mashariki na likaja kwetu. Ila hadithi ya nilad imeshaota mizizi. Hata kampuni ya maji ya upande wa magharibi wa jiji inaitwa Maynilad.

ZUHURA: Basi hapo umeshindwa, kaka. Ikishaandikwa kwenye bili ya maji ndiyo imetoka hiyo.

BAKARI: Nimekubali. Sasa weka kidole hapa, kusini mwa Ghuba ya Manila.

ZUHURA: Huu ulimi wa ardhi? Umejikunja kama ndoana.

BAKARI: Umeshalitaja jina. Kawit kwa Kitagalogi ni ndoana, kitu kilichopinda. Mhispania akaandika Cavite. Pale hakuhitajika mtu wa kuulizwa, nahodha akiingia ghubani anauona mkunjo kwa macho yake. Na kwa ndani ya mkunjo maji yametulia, ndiyo maana Wahispania waliweka hapo karakana ya kuundia galioni, zile marikebu kubwa za kwenda Acapulco, Meksiko. Biashara ile ilianza 1565 ikafika 1815. Wenyeji walikamatwa kwa zamu, wapelekwe milimani kukata magogo na kuyaburura hadi pwani. Shokoa tupu.

ZUHURA: Zinakwenda na hariri na kaure za China, zinarudi na fedha ya Meksiko.

BAKARI: Na watu. Manila ilikuwa na watumwa Waafrika, walioletwa na Wareno kutoka upande wa Msumbiji kupitia Goa, India. Wahispania waliwaita cafres.

ZUHURA: Makafiri.

BAKARI: Ndilo neno lenyewe, la Kiarabu, limepitia midomo ya Wareno. Na mpaka leo Ufilipino kuna jitu la hadithini linaitwa kapre. Jeusi, refu, lina manyoya, linakaa juu ya mti mkubwa usiku likivuta sigara nene. Ukiona kaa la moto linawaka juu ya mwembe, usipite chini yake.

ZUHURA: Lo! Mtu katolewa kwao kwa pingu, halafu wajukuu wa waliomnunua wanatishiwa naye ili walale mapema. Hili limeniuma, kaka.

BAKARI: Linauma. Na jina limedumu kuliko wenyewe.

ZUHURA: Haya, tusogee. Hapa mlangoni mwa ghuba naona Ternate. Mimi Ternate ninayoijua ni kisiwa cha Indonesia, kule Maluku kwenye asili ya karafuu.

BAKARI: Karafuu hizihizi ambazo mbegu zake ndizo zilizokuja kupandwa Unguja na Pemba. Wahispania walikuwa na ngome huko Maluku, na walikuwa na Wakristo wenyeji waliopigana upande wao, wakiitwa Mardika, jina lenye maana ya watu huru. Mwaka 1662 Koxinga, kamanda wa Kichina aliyewafukuza Waholanzi kutoka Taiwan, akapeleka ujumbe Manila: nitoleeni kodi, la sivyo nakuja. Gavana akaingiwa na hofu, akaamuru askari wa ngome za mbali warudi kuulinda mji mkuu.

ZUHURA: Na Koxinga akaja?

BAKARI: Alikufa mwaka uleule. Lakini amri ilikuwa imeshatoka, na ngome zikahamwa. Mardika wakafuatana na Wahispania, maana wakibaki yatawakuta. Walikaa kwanza Manila, kisha wakapewa makao hapo penye mdomo wa mto wa Maragondon. Wahispania waliita mahali pale Barra, yaani fungu la mchanga la mlangoni mwa mto. Wenyewe mji wakaupa jina la kisiwa walichokiacha.

ZUHURA: Na hawakurudi.

BAKARI: Hawakurudi. Wakatoliki hawa wana sanamu yao ya Mtoto Yesu wanayosema walitoka nayo Maluku, na wana lugha yao, aina ya Kichavacano, Kihispania kilichochanganyika na lugha za wenyeji. Wanaiita Bahra.

ZUHURA: Kutoka kwenye Barra ileile?

BAKARI: Ndiyo. Mji una jina la walikotoka, na lugha ina jina la walikofikia. Mimi huu ndio mji ninaoupenda kuliko yote kwenye ramani hii, na watalii wengi wanaupita wakikimbilia fukwe.

ZUHURA: Na Iloilo, huku visiwa vya kati, je? Jina lenyewe tamu kulitamka.

BAKARI: Haraka tu. Asili ni Irong-irong, linahusishwa na pua, kwa kuwa ardhi pale mtoni imechomoza kama pua. Umbo tena, kama Cavite. Bandari ilifunguliwa kwa biashara ya dunia 1855, na mwaka uliofuata akafika Nicholas Loney, makamu wa balozi mdogo wa Uingereza. Akaleta mitambo ya kusindika miwa na akakopesha wenye mashamba. Sukari ya kisiwa cha jirani, Negros, ikapanda, na vitambaa vya viwanda vya Manchester vikawamaliza wafumaji wa Iloilo, ambao ufumaji wao ulikuwa unasifika.

ZUHURA: Na leo gati linaitwa Muelle Loney. Hilo nimelisoma.

BAKARI: Kwa hiyo hapo jina la mgeni lipo kweli, na hakuna aliyekosea kusikia. Lilitolewa kwa makusudi.

ZUHURA: Sasa nipeleke Zamboanga, kule kusini. Nimeona picha za vinta, vyombo vyenye tanga la mistari ya rangi. Kila mahali wanaandika "Mji wa Maua", eti linatokana na neno la Kimalei, jambangan.

BAKARI: Eti! Jambangan kwa Kimalei ni chombo cha kuwekea maua, siyo nchi ya maua. Ramani za Kihispania za zamani zina Samboangan, kwa s. Na kwa Wasama, watu wa bahari wanaoishi kwa vyombo vyao, sambuan ni mti wa kufungia chombo. Umefika, umechomeka mti wako kwenye kina kifupi, umefunga kamba, umelala. Samboangan ni mahali pa kufanyia hivyo.

ZUHURA: Yaani dikoni hasa.

BAKARI: Dikoni! Sasa niambie, watu wa vyombo wameizunguka bahari ile vizazi na vizazi, wangepaita bandarini kwa nini? Kwa maua, au kwa mahali pa kufunga kamba?

ZUHURA: Lakini maua yanauza tiketi.

BAKARI: Hapo sina ubishi. Wahispania walijenga ngome 1635, wakaihama kwa hofu ileile ya Koxinga, wakarudi 1718. Ngome ipo, Fort Pilar, na kwenye ukuta wake wa nje kuna mahali pa kumwombea Bikira Maria, watu wanawasha mishumaa. Askari na mafundi walitoka visiwa mbalimbali, na ndiyo maana Zamboanga nayo inasema Kichavacano. Vitenzi vingi ni vya Kihispania, "sisi" na "ninyi" ni za Kivisaya, lugha za visiwa vya kati. Ukitaka kumuuliza mtu anakwenda wapi unasema, "Donde tu ta anda?"

ZUHURA: Na hiyo "ta"?

BAKARI: Ni kama "na" yetu ya "ninakwenda". Jambo linaendelea.

ZUHURA: Na nikitaka kusema nakwenda nyumbani?

BAKARI: "Ta anda yo na casa."

ZUHURA: Basi ta anda yo na casa, kaka. Chai imepoa, na hii ramani uikunje mwenyewe.