Kabla ya Kuvuka Manda: Mhadhara kwa Wanaokwenda Kujitolea Ng'ambo

Asalaam aleikum. Wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, na nyinyi vijana mnaosafiri, ahsanteni kwa kufika licha ya jua hili la Lamu.

Nimeombwa nizungumzie utumishi wa kujitolea nchi za nje. Kuhusu utumishi wenyewe sitasema mengi, kwa kuwa mafunzo ya kazi mtapewa huko huko. Wala jambo lenyewe si geni. Waingereza walianzisha VSO, shirika lao la kupeleka watu wa kujitolea ng'ambo, mwaka 1958, Wamarekani wakaleta lao la Peace Corps mwaka 1961, Umoja wa Mataifa ukaunda mpango wake wa watu wa kujitolea mwaka 1970, na makao yake leo yako Bonn, Ujerumani. Zamani sisi tulikuwa wenyeji wa kupokea wageni hao. Sasa vijana wetu nao wanatumwa. Leo nataka tuzungumze kuhusu njia tu: kutoka hapa gatini mpaka mlango wa nyumba mtakayolala usiku wa kwanza. Safari ya mtu mmoja ikiharibika, ni yake. Safari ya kundi huharibikia kwenye karatasi ya mtu mmoja, na wote hukwama naye.

Tuanze na majina, maana hapa kwetu ndipo penye tabu kubwa. Mtu kitambulisho kinasema Athman, cheti cha kuzaliwa kinasema Othman, na kadi ya chanjo muuguzi ameandika Athumani kwa jinsi alivyosikia. Mtaani huyo ni mtu mmoja na kila mtu anamjua. Kwenye kompyuta ya shirika la ndege ni watu watatu. Fungueni pasipoti ukurasa wa picha, mtazame chini kabisa: kuna mistari miwili ya herufi na alama kama mishale, kila mmoja una nafasi 44. Ule wa juu unaanza na P, kisha KEN, kisha jina lako, na jina limetengewa nafasi 39. Mashine husoma hapo. Tiketi iandikwe kwa herufi zilezile, na jina lililowekwa kuwa la ukoo kwenye pasipoti liwe la ukoo kwenye tiketi pia. Anayeitwa Fatuma Ali Mohamed asikatiwe tiketi ya Fatma Mohammed eti ni yale yale. Kosa la herufi moja likigunduliwa wiki tatu kabla, ni simu moja kwa wakala. Likigunduliwa kaunta, usiku, na nyuma yako foleni ya watu mia mbili, hapo utajua maana ya kuchelewa.

Pasipoti yenyewe iwe imebakisha angalau miezi sita baada ya tarehe ya kuingia huko, na kurasa tupu zisipungue mbili. Anayehitaji mpya, maombi yanaanzia kwenye mtandao wa eCitizen, lakini alama za vidole na picha hazipigwi kwa simu. Lazima mtu aende mwenyewe ofisi ya uhamiaji, na kwa wengi wetu hiyo ni Mombasa. Kwa hiyo hesabuni na nauli ya basi, kwenda na kurudi. Dada zetu, mtandio haukatazwi kwenye picha. Kinachotakiwa ni uso uonekane wote, kuanzia kidevu hadi juu ya paji.

Viza sasa, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Kujitolea si utalii. Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa kazi hata kama hulipwi senti. Mtu akiingia kwa viza ya matembezi kisha akaonekana anafundisha shuleni au anachimba visima, anaweza kurudishwa, na wakati mwingine akazuiwa kuingia tena. Shirika linalowaalika ndilo linalopaswa kusema kwa maandishi ni kibali cha aina gani na nani anakishughulikia. Shirika likikwambia "ingia tu kama mtalii, mengine tutayamaliza ndani", simameni papo hapo. Na jingine: Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote kwa mtu kuomba kujitolea. Anayekuomba pesa kwa jina hilo ni tapeli, hata kama barua yake ina nembo nzuri.

Chanjo ya homa ya manjano inataka siku kumi kabla cheti hakijawa halali. Ukichanjwa Jumatatu na kusafiri Jumatano ya wiki ileile, kadi unayo lakini cheti huna. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha, basi mwenye kadi ya zamani asichanjwe tena, bora aitafute iliko kabatini. Kenya iko katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, ndiyo maana tukitoka hapa tunaulizwa kadi zaidi ya watu wengine.

Malaria. Tuchukue mfano kundi linakwenda Malawi, ambako malaria iko nchi nzima. Msijidanganye kwamba mtu wa pwani ameshazoea. Kinga ya kuzoea hupungua mtu akikaa pasipo na ugonjwa, na hapa kisiwani si kama kando ya ziwa huko. Daktari anaweza kuwapa dawa tofauti ndani ya kundi moja. Atovakuoni na proguanili huanza siku moja au mbili kabla na kuendelea siku saba baada ya kuondoka. Doksisaiklini huanza vivyo hivyo, lakini huendelea wiki nne baada ya kuondoka. Mefulokuini ni ya mara moja kwa wiki, nayo huanza wiki mbili au zaidi kabla. Basi msigawane vidonge kama mnavyogawana mahamri. Na anayemeza doksisaiklini anywe na gilasi nzima ya maji, asijilaze upesi, la sivyo kifua kitamwaka usiku kucha. Ngozi yake pia huungua na jua kwa haraka.

Sasa saa. Hili dogo limewaacha watu wengi uwanjani. Tiketi inasema 01:25, Alhamisi tarehe 12. Hiyo ni saa saba na dakika ishirini na tano usiku. Usiku gani? Sisi watu wa pwani tukisema "usiku wa Alhamisi" tunamaanisha usiku wa kuamkia Alhamisi, maana siku yetu huanza magharibi. Mtu wa bara akisikia maneno hayo, anafikiria Alhamisi jua likishazama. Hapa mzee wa mtaa wetu wa Langoni ndiye anayeisoma tiketi sawa. Lakini kundi likiwa na watu wa pwani na wa bara, nusu watafika uwanjani ndege ikiwa ilishaondoka usiku uliotangulia. Andikeni kwa ukamilifu: "Jumatano jioni tunakwenda uwanjani, saa nne usiku tuko kaunta." Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuruka, na ikifungwa imefungwa.

Kutoka Lamu mna njia mbili. Ya kwanza, boti hadi Manda, uliko uwanja wetu, kisha ndege. Hapa ulizeni jambo moja: ndege hiyo inatua Wilson au Jomo Kenyatta? Ni viwanja viwili, na kati yake kuna barabara ya Nairobi, ambayo ikishikana haina rafiki. Halafu uzito. Ndege ndogo zinazotua Wilson huwa na kikomo cha kilo 15 hivi, na hutaka begi laini, si sanduku gumu. Tiketi ya nje inaweza kukupa kilo 23 au zaidi. Watu hupakia kwa hesabu ya tiketi kubwa, wakakwamia hapa Manda. Ya pili ni boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen hadi Malindi na Mombasa, kisha treni ya Madaraka ambayo stesheni yake ya Nairobi iko Syokimau, si mbali na uwanja mkubwa. Njia hii itawachukua siku mbili kwa utulivu. Kitambulisho kiwe mfukoni, si chini ya begi, maana njiani kuna vituo vya ukaguzi na abiria huteremshwa. Kwa njia yoyote, fikeni Nairobi siku moja kabla.

Na maji msiyasahau. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupwa sana hapo saa nne saa tano asubuhi, ngazi za gati zinabaki na mwani unaoteleza. Kushusha sutikesi kumi na mbili kwenye boti wakati huo si mchezo. Ama mtangulie, ama muweke hamali wawili. Sutikesi za magurudumu nazo hazikuumbwa kwa vijia vyetu vya mawe. Gurudumu likivunjika hapo mtaani Mkomani, utaliburura hadi Lilongwe. Mpe punda kazi yake.

Pimeni mizigo nyumbani. Mizani ya kuning'inia ya wauza samaki inatosha kabisa, ifungieni kanga ili begi lisinuke changu. Sutikesi ya kilo 23 kwa kawaida isizidi sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kina. Begi la mkononi kwa mashirika mengi ni kilo 7. Vitu vya majimaji mkononi visizidi mililita 100 kila chupa, vyote ndani ya mfuko mmoja mwangavu wa lita moja. Na majimaji ni pamoja na asali, achari ya embe, mafuta ya nazi na marashi ya mama. Hivyo viende kwenye sutikesi kubwa, vifunikwe kwa mfuko juu ya mfuko. Kinyume chake ni pawabenki: hairuhusiwi kwenye sutikesi kubwa, lazima iwe mkononi. Kikomo ni saa-wati (Wh) 100. Yenye maandishi ya 20,000 mAh ni kama Wh 74, hiyo inapita. Iliyofutika maandishi huweza kunyang'anywa.

Miraa na muguka hapana, hata kijiti. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na nchi za Ghuba mnazopitia zinafunga watu. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli nazo ni balaa Falme za Kiarabu, hata kwa mpita njia. Dawa yoyote ibaki kwenye pakiti yake, na cheti cha daktari. Kifurushi cha jirani "mpelekee tu mwanangu hapo Dubai" kikataeni kwa adabu, lakini kikataeni.

Kuhusu uongozi. Sunna inatufundisha wasafiri watatu wachague amiri, na mabaharia wetu wana nahodha na sarahangi, msaidizi wake. Fanyeni hivyo hivyo. Sarahangi atangulie, nahodha awe wa mwisho kupita uhamiaji. Sababu ni moja: ukishagongewa muhuri huwezi kurudi nyuma kumsaidia aliyezuiwa. Pasipoti kila mtu ashike yake. Kiongozi anayekusanya pasipoti zote kwenye begi moja anadhani anazilinda, kumbe anamwekea mwizi mmoja kazi nyepesi. Yeye awe na nakala, orodha ya majina yalivyo kwenye pasipoti, namba, na simu ya mtu wa nyumbani wa kila mmoja. Na mkubaliane hapa, kabla ya machozi: mmoja akizuiwa, wengine wanaendelea au wanasubiri? Tiketi za kundi mara nyingi hazibadilishwi kwa urahisi, na anayekosa kipande cha kwanza cha safari hufutiwa vipande vilivyobaki.

Kaunta mkipewa tagi za mizigo, someni herufi tatu kubwa. Kama mwisho wa safari ni Lilongwe, ziwe LLW. Zikiandikwa ADD, mzigo unaishia Addis Ababa na nyinyi mtaendelea bila nguo. Mzigo usipofika, msitoke ukumbini kabla ya kuandikisha ripoti na kupewa namba. Chini ya mkataba wa Montreal wa 1999, mzigo ulioharibika unalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, uliochelewa ndani ya siku 21 tangu uupokee.

Afisa wa uhamiaji atauliza mnakuja kufanya nini, kwa muda gani, mtakaa wapi. Jibu liwe moja kwa wote na lifanane na barua ya mwaliko. Anuani iandikwe karatasini, maana simu huzimika. Saa za Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Soketi zao ni zile zile za pini tatu bapa.

Jumamosi baada ya alasiri tutakutana hapa hapa. Kila mtu aje na pasipoti, tiketi na kadi ya chanjo, akae na mwenzake, na wasomeane majina herufi kwa herufi. Na mwenye mizani ya samaki aje nayo.