Duka la Bangi na Sheria Mbili

Mhadhara uliotolewa kwa Waswahili wa Aurora, Colorado

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nieleze kazi yangu, na najua wengine mmekuja kuniangalia macho kwanza kama ni mekundu. Mama mmoja pale mlangoni ameniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nyumbani wanajua?" Wanajua, mama. Tanga wanasema mimi ni mhasibu, na hawajakosea sana.

Mimi sivuti wala siuzi. Nahesabu. Kazi yangu ni kuhakikisha duka la bangi lenye kibali cha jimbo halipotezi kibali hicho. Wapiga kura wa Colorado waliiruhusu bangi kwa watu wazima Novemba 2012, kwa Marekebisho ya 64 ya katiba ya jimbo, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Wengi walielewa kwamba bangi imeachiwa huru. Haikuachiwa. Imefungwa kamba nyingine, ndefu zaidi, na anayeshika ncha yake ni idara ya mapato ya jimbo.

Kamba yenyewe ni lebo ya plastiki. Mmea ukifika kimo kilichowekwa, unafungwa lebo yenye chipu ndani na namba ya herufi na tarakimu 24. Inaanza na 1A4. Nimeiota mara nyingi hiyo 1A4. Namba inaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao Metrc, na kuanzia hapo mmea haupotei machoni. Unavunwa, unapimwa. Unakaushwa, unapimwa tena. Unafungashwa kwa lebo mpya, sampuli inakwenda maabara. Gari likitoka shambani kuja dukani linabeba hati inayotaja dereva, gari, njia na muda. Dereva akiona mishikaki njiani, aipite tu.

Nitawasimulia gramu 11. Mwaka wangu wa kwanza, jioni moja tunafunga hesabu, kompyuta inasema kopo fulani lina gramu 452, mizani inasema 441. Sisi tumetoka kwenye nchi ya lumbesa, gunia linajazwa hadi linaota kichwa na linaitwa gunia moja. Gramu 11 ni nini? Hata dagaa hazihesabiwi hivyo. Lakini mizani ya duka la bangi hukaguliwa na kupewa kibali na idara ya kilimo ya jimbo, kwa hiyo huwezi kuisingizia. Tukapekua droo. Tukamwaga pipa. Tukarudisha kamera nyuma. Kwa sheria picha zake tunazitunza siku 40. Imefika karibu saa sita usiku, binti wa kaunta akauliza, "Asubuhi mlipima na kifuniko?" Akakiweka kifuniko kwenye mizani. Gramu 11.

Njia ya mkato ilikuwepo. Bangi ikikaa hukauka na kupungua uzito, na mfumo una mahali pa kuandika hivyo. Meneja mchovu anaandika "imekauka", anazima taa, anakwenda kulala. Ila kila marekebisho mkaguzi anayaona akiwa ofisini kwake, na duka ambalo bangi yake hukauka kila Ijumaa usiku atalitembelea Jumatatu.

Hata takataka zina sheria. Majani mabovu hutupi jalalani hivi hivi. Unayapima, unayasaga, unayachanganya na uchafu mwingine hadi angalau nusu ya mchanganyiko isiwe bangi, ndipo unaandika na kutupa. Sisi tunatumia maboksi na machicha ya kahawa. Ukinikuta nyuma ya duka nimevaa glavu nakoroga pipa kwa mwiko, ujue hiyo ndiyo biashara ya mabilioni mnayoisoma kwenye magazeti.

Sasa kisa ambacho kila mfanyakazi wa kaunta hapa Denver anapaswa kukijua. Kulikuwa na maduka yakiitwa Sweet Leaf, kampuni kubwa, yenye foleni. Sheria ilimruhusu mteja aunsi moja, kama gramu 28. Mteja akanunua aunsi yake, akaiacha kwenye gari, akarudi, akanunua nyingine, akatoka, akarudi. Sheria iliandika aunsi moja kwa mauzo mamoja, na utetezi wao ulikuwa huo: kila akirudi ni mauzo mapya. Polisi wakatuma watu wao waliojifanya wateja, wakachunguza kwa muda mrefu, na tarehe 14 Desemba 2017 wakavamia. Vibali 26 vikasimamishwa siku hiyohiyo, na Julai 2018 vikafutwa vyote. Januari 2019 wenye kampuni watatu wakahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja.

Lakini mnaona wa kwanza kutiwa pingu siku ya uvamizi walikuwa nani? Vijana wa kaunta. Wa mshahara wa saa. Walioambiwa mteja ni mfalme. Kwa hiyo bosi akikwambia "muuzie tu, amekwenda nje akarudi", usimjibu kwa heshima sana. Siku hizi kanuni inasema wazi ni aunsi moja kwa siku, hakuna wa kujificha nyuma ya neno.

Kodi nitaipita haraka, maana wenye maduka hapa ni wachache. Sheria ya kodi ya shirikisho ina kifungu 280E. Mwaka 1981 muuzaji mmoja wa madawa ya kulevya huko Minneapolis alikwenda mahakama ya kodi akadai gharama zake zikatwe kwenye hesabu: mizani, simu, mafuta ya gari. Akashinda! Bunge likakasirika, na mwaka 1982 likaandika kwamba anayeuza dawa za daraja la kwanza au la pili, yaani zile zinazobanwa zaidi kwenye orodha ya shirikisho, hakati gharama, isipokuwa ile ya kununulia bidhaa. Bangi iliwekwa daraja la kwanza mwaka 1970. Tuseme duka limeuza dola milioni moja, bidhaa zimegharimu laki sita, pango na mishahara laki tatu. Faida ni laki moja. Anatozwa kodi ya asilimia 21 juu ya laki nne, yaani dola 84,000. Abaki na nini? Mwezi Mei 2024 wizara ya sheria ya shirikisho ilipendekeza bangi ishushwe hadi daraja la tatu, nje ya kifungu hicho. Pendekezo ni pendekezo.

Nifike kwenye jambo lililonileta, ambalo kwenye semina za kazini halitajwi kabisa, kwa sababu wanaozifundisha walizaliwa hapa.

Jimbo linataka uthibitishe kila siku kwamba umeishika bangi: gramu ngapi, saa ngapi, kwa beji ya nani, yaani kitambulisho cha kazi ambacho jimbo humpa mfanyakazi. Ukiwa mfanyakazi mzuri, kumbukumbu zako zimenyooka. Na Washington bado inasema kuishika bangi ni kosa. Kwa hiyo kadiri unavyotii Colorado, ndivyo unavyoiandikia serikali ya shirikisho ushahidi dhidi yako, kwa mkono wako, kwa jina lako. Kwa raia hilo limebaki kama nadharia, hawamfuati. Kwa mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, si nadharia. Tarehe 19 Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo: kujihusisha na bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, kunaweza kukunyima "mwenendo mwema" unaotakiwa kwa uraia. Hapahapa Denver mwaka huo watu wawili, mmoja wa Lithuania na mmoja wa El Salvador, walisema wamenyimwa uraia kwa kazi ya bangi. Hawakuwa wamefungwa popote. Walikuwa na beji za jimbo na walilipa kodi.

Mimi niliingia kazi hii nikiwa nimeshaapa uraia. Sikupanga kwa akili, ilitokea tu. Ningepata nafasi ile miaka miwili kabla, ningeichukua nikishangilia, na nisingekuwa na mtu wa kunishtua.

Naam, kijana wa nyuma, umeinua mkono muda mrefu.

*"Kaka, mimi nakaa mlangoni tu, naangalia vitambulisho kama mtu ana miaka 21. Bangi siigusi. Nina kadi ya kijani. Nikiacha kesho, inafutika?"*

Haifutiki, mdogo wangu. Kwa wengi wataangalia miaka mitano kabla ya ombi, na wanaruhusiwa kutazama nyuma zaidi. Kukaa mlangoni bila kugusa ni hoja, lakini aiseme wakili wa uhamiaji, si wewe mbele ya afisa. Fomu ikiuliza kazi ulizofanya, usidanganye. Uongo ni kosa jingine tena kubwa. Na tiketi ya kwenda nyumbani Desemba usiikate kwanza. Kwenye kuingia tena ndipo wengi wanapokamatwa na maswali.

Beji unayo hapo? Hebu itoe, wazee waione. Mnaona: picha, namba, na jina kamili, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi yake ya kijani. Irudishe mfukoni. Keshokutwa sina zamu, tutakwenda wote kwa wakili.