Tulisafiri kilomita 1,200 kwenda kulala kwenye barafu, na leo nawaambia ukweli

Asalaam aleikum ndugu zangu, habari za huko nyumbani. Muheza, Tanga mjini, Dar, Mombasa, na nyinyi wa Maskati mnaonitazama usiku usiku, nawasalimu wote. Mama, shikamoo. Leo sijaweka muziki mwanzoni, mtanisamehe. Nimekaa hapa jikoni Stockholm, Uswidi, tumerudi jana, na nataka tuzungumze.

Nina kipande cha dakika 3. Binti yangu amekaa juu ya kitanda cha barafu anacheka, taa ya buluu inapenya ukutani, mama yake ananipungia mkono. Nikikirusha kama kilivyo, mtasema tulikwenda peponi. Lakini zile zilikuwa dakika 3, na usiku ulikuwa na saa zake zote. Tangu nitangaze safari hii, vijana wengi wananiuliza wajichange kiasi gani ili nao waje walale kwenye hoteli ya barafu. Mmoja ni mtoto wa dada yangu, na anataka kuuza pikipiki. Kwa hiyo siwezi kuwawekea zile dakika 3 halafu nikanyamaza.

Kwanza barabara. Tulitoka Stockholm alfajiri, likizo ya shule ya Februari, tukashika E4 inayofuata pwani kwenda kaskazini. Gävle, Sundsvall, lile daraja refu la Höga Kusten, mpaka Umeå, zaidi ya kilomita 600, tukalala hapo. Matairi ya baridi huku ni sheria: kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na barafu au theluji, huruhusiwi kutembea na matairi ya kawaida. Ya kwetu yana misumari midogo ya chuma, unaisikia ikikwaruza lami kama mtu anasaga mchanga.

Siku ya pili ndiyo iliyonitisha. Ukifika Töre unaiacha E4, unashika E10 kuingia bara. Misonobari na theluji, misonobari na theluji. Lori likikupita linakuachia wingu jeupe kwenye kioo, na kwa sekunde 4 au 5 huoni mbele. Unashika usukani tu, hufungi breki ghafla, unamwomba Mungu. Mke wangu aliacha kuongea kabisa. Kando ya njia tukaanza kuona mifuko myeusi ya plastiki imefungwa kwenye nguzo. Nilidhani ni takataka. Kumbe ni alama ya wafugaji: ukiona mfuko mweusi, jua ren wako karibu, punguza mwendo. Ren ni wale wanyama jamii ya kulungu, wenye pembe kama matawi, ambao Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini huku, wamewafuga tangu zama na zama. Haikupita kilomita 2 tukawakuta 7 wamesimama katikati ya barabara wanalamba chumvi. Tuliwasubiri, hawakuwa na haraka.

Tulivuka Mstari wa Aktiki kabla ya Gällivare. Baada ya hapo Kiruna, mji wa machimbo ya chuma, ule unaohamishwa kwa sababu ardhi chini yake inachimbwa. Kanisa lao la mbao lilibebwa zima zima kwa magari Agosti 2025, hata mkanitumia video zake nyinyi wenyewe. Kutoka hapo hadi kijiji cha Jukkasjärvi hazifiki kilomita 20. Kipimo cha gari kilisoma nyuzi 29 chini ya sifuri.

Sasa hoteli. Wenyewe walianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na maonyesho ya sanaa ya barafu, kisha wageni wachache wakaomba kulala humo juu ya ngozi za ren, ndipo wazo la hoteli likazaliwa. Barafu haitengenezwi kwa mashine. Inakatwa mwezi Machi kutoka Mto Torne, unaopita pale pale kijijini, vipande vizito vya tani kama 2 kila kimoja, wanavitunza ghalani majira yote ya joto. Baridi ikirudi wanajenga upya. Torne haujazibwa kwa bwawa la umeme, maji yake yanatembea taratibu wakati yanaganda, ndiyo maana barafu yake haina mapovu, unaona mkono wako upande wa pili kama kwenye kioo cha dirisha. Kuta na mapaa wanayajenga kwa theluji iliyoshindiliwa juu ya fremu za chuma. Kila chumba kina msanii wake, na mwaka ujao hakitakuwepo. Aprili vyote vinaanza kuyeyuka na kurudi mtoni. Tangu 2016 wana sehemu nyingine inayosimama mwaka mzima, inapozwa kwa umeme wa jua, lakini sisi tulilala ile ya msimu.

Nilipoingia nilishika ukuta nikanyamaza. Kazi ile ni ya heshima. Mtu amechonga ua la barafu kwa wiki nzima akijua litakufa. Wasanii na wafanyakazi wa pale hawakunikosea hata kidogo, walitupokea kwa upole na walitueleza kila kitu mapema. Kilichoniumiza ni kwamba nilikuwa nimekwenda kutafuta jambo ambalo halipo.

Mchana kile chumba si chako. Ni ukumbi wa maonyesho. Wageni wa kutwa wanaingia na kutoka, wanapiga picha kitandani kwako mpaka jioni, na ni haki yao, wamelipa kiingilio. Hakina mlango, kina pazia. Hakina choo, na mabegi hayaingii. Nguo na vitu vyako vinakaa kwenye kabati, jengo la pili lenye joto, ambako ndiko kuna bafu, choo na sehemu ya kukaa. Kwa hiyo unakaa jengo la joto mpaka wakati wa kulala, kisha unavaa nguo nyepesi za ndani za sufu, kofia, viatu, unabeba begi lako la kulalia unakimbia kwenye barafu. Nilikuwa nimemwahidi binti yangu kwamba tutakaa chumbani, tucheze karata, nimsimulie hadithi za sungura. Karata hazikutoka begini. Ukitoa mkono dakika 5 vidole vinakufa ganzi.

Ndani ni nyuzi 5 hadi 8 chini ya sifuri. Ukitoka kwenye 29 unahisi joto, wallahi, unavua hata glovu. Hiyo ndiyo nusu saa ya kwanza, na ndiyo ile mnayoiona kwenye picha za watu. Baadaye mwili unatulia na baridi inaanza kuingia puani. Begi la kulalia linafanya kazi yake, miguu yangu ilikuwa na joto, godoro na ngozi za ren chini yako ni vizuri. Uso ndio unaobaki nje. Kila pumzi unaisikia inashuka kifuani. Na kimya kile, ndugu zangu. Theluji inameza sauti zote. Nilizoea kusema natamani kimya, na pale nikakipata, nikalala nikisikiliza damu inapita masikioni mwangu.

Saa 8 usiku binti yangu akaniamsha anataka kwenda chooni. Kumtoa kwenye begi, kumvalisha viatu vilivyokakamaa, kumfunga kofia, kumshika mkono kwenye ukumbi ule mrefu. Alilia. Hakulia kwa sauti. Alilia kile kilio cha mtoto anayejua baba yake ametumia pesa nyingi na hataki kumhuzunisha, na hicho ndicho kilichonikata moyo. Ana miaka 9. Tulipofika upande wa joto akaniambia, "Baba, naomba tusirudi." Tukakaa kwenye kochi, nikamfunika koti langu. Saa 10 alfajiri mama yake akatufuata na mabegi yote mabegani. Hakuna aliyesema neno.

Taa za kaskazini mlizoziomba, zile nuru za rangi zinazocheza angani usiku, hazikuonekana. Mawingu yalifunga usiku wote wa kwanza na wa pili. Nilitoka mara 6 kuangalia juu, mara ya mwisho simu ikazima mkononi ikiwa na chaji nusu, maana betri haivumilii baridi ile.

Bei siitaji, inabadilika kila msimu. Kwangu, usiku mmoja wa watu watatu, ukichanganya mafuta na malazi ya njiani, ulizidi kodi ya nyumba yetu ya mwezi. Mke wangu alikuwa amesema tangu Novemba kwamba zile pesa zingeezeka jiko la mama pale Muheza. Nilimjibu kwamba binti anastahili kumbukumbu. Mama, utaezekewa jiko, nimeshazungumza na fundi. Na wewe mpwa wangu, pikipiki usiuze. Ukija huku siku moja, njoo mchana, lipa kiingilio, tembea vyumba vyote vile, shangaa, halafu ulale kwenye nyumba yenye joto. Hicho ndicho ambacho ningefanya.

Asubuhi wanakuletea juisi ya moto ya matunda mekundu ya msituni, chachu kidogo. Binti yangu alikunywa, akaniuliza kwa nini barafu ya huku haina ladha. Kwake barafu ni zile za ubuyu alizokuwa akinunua kwa bibi yake tulipokuja likizo, zile za kung'ata pembe ya kifuko na kufyonza. Nikamwambia hii ni mto tu umelala.

Kabla ya kuondoka tulitembea hadi mwisho wa kijiji. Kuna kanisa la mbao pale, sehemu yake ya kale ni ya 1607. Sisi ni Waislamu, tuliingia kwa adabu kuangalia. Nyuma ya altare kuna michongo mikubwa ya rangi, kazi ya mchongaji Bror Hjorth ya mwaka 1958, inamwonyesha mhubiri Laestadius akiwahimiza Wasami na watu wa kule waache ulevi na wizi. Nikasoma maelezo: imechongwa kwenye mtiki.

Mtiki, jamani! Mnajua baba yangu alifanya kazi ngapi kwenye shamba la mitiki la Longuza, kule kwetu Muheza. Amepanda, amepunguza matawi, amehesabu magogo, mpaka mgongo ukamwambia basi. Nikasimama pale na koti langu, nje nyuzi 27 chini ya sifuri, mbele yangu mti wa nchi za joto umechongwa nyuso za watu wa theluji. Nikaupiga picha nikamtumia.

Akanijibu kwa sauti baada ya dakika chache, nadhani alikuwa barazani, nilisikia kuku. Hakuuliza habari za hoteli. Aliuliza, "Umepasuka? Mtiki ukikaa pakavu sana hupasuka pembeni. Sogea uangalie."

Nikasogea mpaka nilipoweza, nikaangalia pembe zote mbili, binti yangu naye akaangalia.

Sikuona ufa, baba.