Saa ya Kwanza Baada ya Kuweka Linux

Habari zenu nyote. Naomba tuanze pale ambapo wengi wenu mmewahi kufika. Umemaliza kuweka Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kwenye kompyuta ya mezani. Umechomoa flashi, mashine imejiwasha upya, umeandika nywila, na mbele yako kuna skrini safi isiyo na hata faili moja. Mkono unawasha. Unataka kubadilisha picha ya nyuma, rangi za madirisha, aikoni, fonti. Mimi nimekuja kuwaomba mkono huo muuzuie kwa saa moja tu.

Saa hiyo ni ya thamani kwa sababu haitarudi. Ni wakati pekee katika maisha ya kompyuta hiyo ambapo ukikosea hupotezi kitu. Hakuna picha za watoto humo, hakuna barua, hakuna kazi ya mwezi mzima. Ukiivuruga, unarudisha flashi na kuanza upya. Basi mambo yote yenye hatari yafanyike sasa, mapambo yasubiri.

Anza na kusasisha. Faili ulilopakua ili kuweka mfumo lilitengenezwa siku fulani, na tangu siku hiyo watu wamegundua matundu ya usalama na kuyaziba. Ukiweka leo toleo la miezi sita iliyopita, umeweka na matundu ya miezi sita. Linux huja kwa aina mbalimbali, ziitwazo distro. Kwenye Debian, Ubuntu na Linux Mint unafungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuandika amri mbili: sudo apt update, kisha sudo apt upgrade. Neno sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Watu wengi huiandika ya kwanza, wakaona mistari inapita, wakadhani wamemaliza. Ile ya kwanza inaleta orodha tu ya kilichopo kwenye hazina za programu; ya pili ndiyo inayopakua na kuweka. Kwenye Fedora ni sudo dnf upgrade. Kwenye Arch ni sudo pacman -Syu, na huko usije ukaleta orodha mpya halafu ukaweka programu moja bila kusasisha mfumo mzima, maana utachanganya maktaba (vipande vinavyotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) za zamani na mpya, na programu zitaanza kugoma moja baada ya nyingine.

Kukiwa na kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa vya mashine, washa mashine upya kabla ya kuendelea. Kerneli inayofanya kazi ni ile uliyowashia, si ile iliyowekwa sasa hivi kwenye diski. Hili linaonekana dogo, lakini linahusu moja kwa moja jambo ninalotaka kukaa nalo leo, yaani draiva za kadi ya michoro, programu zinazouwezesha mfumo kuitumia kadi inayochora picha kwenye skrini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mashine ambayo picha zake zilikuwa nzito kusogea. Nikafanya kama nilivyozoea kwenye Windows: nikaingia kwenye tovuti ya watengenezaji wa kadi, nikapakua draiva, nikaiweka kwa mkono. Mambo yakawa mazuri ajabu. Wiki mbili baadaye mfumo ukajisasisha, asubuhi nikawasha mashine, nikapata skrini nyeusi. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi siku hiyo hiyo.

Kosa lilikuwa langu, na nilichukua siku nzima kulielewa. Draiva ya aina hiyo ina kipande kinachoingia ndani ya kerneli, na kipande hicho hujengwa kwa ajili ya kerneli moja mahususi. Kerneli ikibadilika, lazima kijengwe upya. Ukiweka draiva kupitia hazina za distro yako, kazi hiyo hufanywa kwa niaba yako kila kerneli mpya inapokuja: Ubuntu huleta kipande kilichokwisha kujengwa au hukijenga kwa chombo kiitwacho DKMS, na wa Fedora wanaotumia RPM Fusion, hazina ya nje ya Fedora yenyewe, wana akmods inayofanya kazi hiyo hiyo. Mimi niliiweka pembeni ya utaratibu huo wote, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba kuna kitu cha kujengwa.

Kwa hiyo, kabla ya yote, andika lspci -k uone mashine yako ina kadi gani na inatumia draiva gani. Ikiwa ni Intel au AMD, mara nyingi huna la kufanya. Draiva zake zimo ndani ya kerneli. Ikiwa ni NVIDIA, utakuta draiva huria iitwayo nouveau inafanya kazi. Kama inakutosha, iache. Kama unahitaji nguvu zaidi, kwa michezo au kuhariri video, kwenye Ubuntu andika sudo ubuntu-drivers install, nayo itachagua inayofaa.

Hapa kuna mtego mmoja. Mashine yenye Secure Boot iliyowashwa, yaani ulinzi unaokagua saini mashine inapowaka, haikubali kipande cha kerneli kisicho na saini inayoitambua. Ikiwa kipande kinajengwa hapo hapo kwenye mashine yako, utaombwa utunge nywila ya muda. Mashine ikijiwasha upya, inatokea skrini ya bluu ambayo haifanani na kitu chochote ulichowahi kuona. Usiogope, wala usiipite! Chagua kusajili ufunguo, andika ile nywila. Skrini hiyo hukusubiri sekunde chache tu. Ukichelewa, mashine inaendelea kuwaka, ufunguo haujasajiliwa, na draiva uliyoiweka kwa jasho haipakiwi.

Na yule atakayekutana na skrini nyeusi kama mimi? Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Mara nyingi utapata ukurasa wa maandishi matupu wa kuingilia, na kutoka humo unaweza kuiondoa draiva. Ikishindikana, washa mashine upya, fungua menyu ya GRUB, inayotokea kabla mfumo haujawaka, kwa kubonyeza Esc au kushikilia Shift, uchague kerneli ya zamani. Laiti ningelijua hilo asubuhi ile.

Ndiyo maana kabla ya kugusa draiva napiga picha ya mfumo kwa programu iitwayo Timeshift. Kwenye Linux Mint imo tayari. Kwingine unaiweka kutoka hazina. Inahifadhi hali ya mfumo ilivyo sasa, na mambo yakiharibika unarudi hapo, hata kwa kuwashia flashi ile ile uliyowekea mfumo. Ila muielewe vizuri: kwa kawaida Timeshift haichukui mafaili yako binafsi. Inalinda mfumo, hailindi kazi yako. Kwa kazi yako unahitaji nakala kwenye diski nyingine, inayochomolewa na kuwekwa mbali. Kwa hilo kuna programu iitwayo Déjà Dup, na ni rahisi kutumia. Ukishaiweka sawa, tunga faili moja la majaribio, lichukulie nakala, lifute, kisha lirudishe. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha siihesabu kuwa nakala.

Mengine nitayapita haraka. Faiawali, yaani ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni: Ubuntu huja nayo ikiwa imezimwa, nawe unaiwasha kwa sudo ufw enable, inazuia miunganisho inayoingia na kuruhusu inayotoka, na kwa mtumiaji wa nyumbani inatosha. Video zisizofunguka: kwenye Ubuntu weka ubuntu-restricted-extras, kwenye Fedora nenda RPM Fusion, kwa kuwa hataza zinawazuia Fedora kuja na baadhi ya kodeki, yaani programu za kufungua video na sauti. Ushauri wa kushusha swappiness, kipimo cha jinsi mfumo unavyowahi kuhamishia vilivyo kwenye kumbukumbu kwenda diski, kutoka 60 hadi 10 utauona kila mahali. Kwa mashine yenye kumbukumbu ya kutosha sijawahi kuona tofauti, nawaambia muiache.

Lakini hili la mwisho sitalipita haraka. Fungua faili la maandishi, uliite daftari, na kila amri unayoandika kwa sudo iandike humo pamoja na tarehe na sababu. Sababu hasa. Kama huwezi kuandika sababu, ina maana umenakili amri usiyoielewa, na sudo haiulizi kama umeelewa. Andika man na jina la amri, usome maelezo yake kwanza. Daftari langu la sasa lina miaka minne, na nikiweka mfumo upya nalifuata mstari kwa mstari.

Naona mkono kule nyuma. Dada anauliza kwa nini saa ya kompyuta yake inaruka kila anapotoka Linux kwenda Windows. Ahsante, dada. Saa iliyo kwenye ubao mama ni moja, lakini Linux huiweka kwa wakati wa UTC, ule wa pamoja wa dunia nzima, na Windows huichukulia kuwa wakati wa mahali ulipo. Kila mfumo unasahihisha kile ambacho mwenzake hakukosea. Njia ya haraka ni kuandika timedatectl set-local-rtc 1 upande wa Linux. Mfumo wenyewe utakuonya kwamba hali hiyo ina matatizo, hasa kwa nchi zinazobadili saa kwa majira ya joto na baridi, kwa hiyo ukiweza, badilisha upande wa Windows uifuate UTC. Vyovyote utakavyochagua, rekebisha upande mmoja tu, kisha uandike kwenye daftari ni upi.